Macho ya Bach

Bach nilianza kumwimba shule ya misheni kabla ya kumjua ni nani. Leo nina kisukari cha miaka mingi, jicho la kushoto limeshapasuliwa, na namfikiria zaidi kwa macho yake kuliko kwa muziki wake.

Johann Sebastian Bach alizaliwa Eisenach, Ujerumani, 1685. Akiwa na miaka 10 alikuwa yatima, akalelewa na kaka yake, aliyemfungia kabatini kitabu cha nota. Mtoto akawa anakichomoa usiku na kukinakili kwa mwanga wa mbalamwezi. Macho hayo hayakuwa na nguvu tangu mwanzo.

Uzeeni, akiwa Leipzig, yakamwisha. Wako madaktari wa leo wanaoshuku kisukari. Machi 1750 akaja Mwingereza, John Taylor, akamtia sindano jichoni kusukuma nyuma mtoto wa jicho. Ganzi hakuna! Mimi nilitiwa ganzi, na hata hivyo nilishika kitanda kwa mikono miwili. Mtoto wa jicho akarudi. Aprili sindano ikarudiwa. Bach akapofuka kabisa, na dawa zikamdhoofisha.

Siku kumi kabla ya kufa, asubuhi moja, aliona tena. Saa chache baadaye akapatwa na kiharusi, akafariki 28 Julai, umri miaka 65.

Taylor, msishangae, aliandika baadaye kwamba alimponya, tena akampa miaka 88. Na 1758 akampasua Handel, naye hakupona.