John Harrison: Seremala aliyeivusha saa bahari

Kuna saa za mkononi zinazouzwa bei ya gari, na wengi wetu hudhani pesa zote hizo ni za jina. Jina linalipiwa, sawa. Lakini fungua ndani uone: vijiwe vya thamani mahali vyuma vinaposuguana, metali zinazokataa kuyumbishwa na joto, na gurudumu dogo linalopiga haraka kuliko moyo wako. Mtu aliyekusanya mambo ya aina hiyo ndani ya saa moja ndogo, kisha akathibitisha baharini kwamba yanafanya kazi, alikuwa fundi wa mbao.

John Harrison alizaliwa Machi 24, 1693 katika kijiji cha Foulby, Yorkshire, Uingereza. Babake alikuwa seremala, na familia ilihamia Barrow upon Humber angali mtoto. Chuo hakukanyaga. Hata kwa fundi wa saa hakuwahi kuwekwa ajifunze kazi. Kasisi mmoja alimwazima nakala ya mihadhara ya sayansi, naye akaketi akainakili yote kwa mkono, pamoja na michoro yake.

Mwaka wa 1713, akiwa na miaka 20 hivi, alimaliza saa yake ya kwanza. Karibu yote ilikuwa ya mbao. Unaweza kucheka, lakini seremala anajua mbao. Harrison aliunga vipande vya mwaloni ili nyuzi za mbao zielekee kwenye ncha ya kila jino la gurudumu, maana jino lililokatwa kinyume cha nyuzi huvunjika upesi.

Miaka kama tisa baadaye alijenga saa ya mnara katika shamba la kifahari la Brocklesby Park. Shida kubwa ya saa za wakati huo ilikuwa mafuta: baridi ikija yanaganda, na vumbi likiingia yanakuwa kama uji. Harrison aliamua kuyaacha kabisa. Sehemu zinazosuguana alizitengeneza kwa lignum vitae, mti mgumu wa nchi za joto ambao mbao zake hujitolea mafuta zenyewe. Saa hiyo bado inafanya kazi hadi leo.

Yeye na mdogo wake James wakageukia joto. Chuma hurefuka kikipata joto, kwa hivyo pendulamu, ule uzito unaoning'inia na kubembea, huchelewa msimu wa jua. Harrison alipanga fito za shaba ya manjano na za chuma kwa zamu, moja ikishusha uzito huku nyingine ikiupandisha. Matokeo: saa iliyokosea sekunde moja kwa mwezi. Alipimaje? Kila usiku alitazama nyota zikipotea nyuma ya bomba la moshi la jirani.

Sasa, hapo ndipo chapaa inapoingia. Mwaka wa 1707 meli nne za kivita za Uingereza ziligonga miamba ya visiwa vya Scilly, na zaidi ya watu 1,400 wakafa maji. Mabaharia wa enzi hizo waliweza kujua wako umbali gani kaskazini au kusini kwa kupima urefu wa jua. Mashariki au magharibi, yaani longitudo, walikuwa wakikisia tu. Mwaka wa 1714 Bunge likatangaza zawadi ya hadi pauni 20,000, mali ya kutisha wakati huo, kwa atakayetatua tatizo hilo.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Dunia huzunguka digrii 15 kila saa moja. Ukijua ni saa ngapi hapo meli ilipo, na pia ni saa ngapi nyumbani, tofauti inakuambia uko wapi. Kinachohitajika ni saa inayoshika wakati wa nyumbani bila kudanganya. Ili kuipata zawadi yote, saa haikuruhusiwa kukosea hata sekunde tatu kwa siku katika safari ya wiki sita. Saa nzuri ya mfukoni ya siku hizo ingeweza kukosea dakika nzima kwa siku. Na pendulamu melini haina maana, kwa sababu meli inabembea kuliko hiyo pendulamu.

Harrison alienda London mwaka wa 1730. George Graham, fundi wa saa aliyeheshimika kuliko wengi, alimsikiliza, kisha akamkopesha pesa. Mwaka wa 1735 mashine ya kwanza ikawa tayari, ile inayoitwa H1: shaba, chuma na mbao, kilo 34. Mwaka uliofuata aliipeleka Lisbon kwa meli. Wakati wa kurudi aliwaambia maafisa kwamba pwani waliyoiona siyo ile waliyodhani. Alikuwa sahihi. Wangempa sifa zote siku hiyo, lakini mzee mwenyewe akasema ina kasoro na akaomba muda wa kuunda nyingine.

Ya pili aliiacha kabla haijajaribiwa baharini. Ya tatu, H3, ilimla miaka 19. Ndani yake alivumbua utepe wa metali mbili zilizoshikanishwa, unaojipinda joto likibadilika. Utepe wa aina hiyo ndio uliomo kwenye pasi za umeme za kawaida, ukizima moto pasi ikichemka kupita kiasi. Alivumbua pia beringi zilizofungiwa ndani ya kizimba, jamii ya zile zinazozungusha magurudumu ya nduthi. Pamoja na hayo yote, H3 haikumridhisha.

Kilichomfungua macho kilikuwa kidogo. Mwaka wa 1753 fundi John Jefferys alimtengenezea saa ya mfukoni kwa maelekezo yake, nayo ikashika wakati kuliko alivyotarajia. Harrison akaona alikopotea. Gurudumu kubwa linaloyumba polepole husumbuliwa na kila wimbi. Dogo linaloyumba kwa kasi hutulia, kama baiskeli inayokimbia ilivyo imara kuliko inayotambaa. Fikiria: umetumia zaidi ya miaka 20 kwenye mashine za kilo thelathini na kitu, halafu unagundua jibu linaingia kiganjani. Alianza upya akiwa na zaidi ya miaka 60.

H4 ilikamilika mwaka wa 1759. Upana wake sentimita 13, uzito kilo moja na nusu hivi, na ilipiga mara tano kwa sekunde. Pale mbao zisipoweza kuingia, aliweka yakuti na vipande vidogo mno vya almasi ili msuguano upungue. Kamani ndogo ya ziada ilijazwa kila baada ya sekunde saba na nusu, ili nguvu inayosukuma saa isipungue wala kuzidi.

Mwaka wa 1761 mwanawe William aliipeleka Jamaica. Baada ya siku 81, saa ilikuwa imechelewa sekunde tano tu. Bodi ya Longitudo ikasema huenda ni bahati. Mwaka wa 1764 ikaenda Barbados, na kwa mara nyingine ikavuka kiwango kilichowekwa. Bodi ikamtaka Harrison aifungue mbele ya wataalamu, kipande kwa kipande, kisha ikampa nusu ya zawadi tu.

Tuwe wakweli: bodi ilikuwa na hoja. Saa moja isiyoweza kuigwa na fundi mwingine haiwezi kuokoa meli zote. Lakini mezani alikuwepo pia Nevil Maskelyne, msomi wa Cambridge aliyeamini njia ya kupima mwezi na nyota, na ndiye aliyekabidhiwa kuijaribu saa ya seremala. Mwaka wa 1766 alikuja kuzichukua mashine zote nyumbani kwa Harrison, na wabebaji wakaiangusha H1. Sisi tulioacha chuo tunalijua lile swali la una karatasi gani. Harrison aliulizwa kwa miaka mingi, na kila mara jibu lake lilikuwa ni kazi nyingine.

Akaunda H5. Mfalme George wa Tatu aliijaribu mwenyewe mwaka wa 1772 kwa wiki kumi, na kosa lake lilikuwa theluthi moja ya sekunde kwa siku. Mwaka uliofuata Bunge likamlipa pauni 8,750. Zawadi yenyewe, kwa jina lake, hakuwahi kutangazwa mshindi. Wakati huohuo nahodha James Cook alikuwa baharini na nakala ya H4 iliyotengenezwa na Larcum Kendall, na aliporejea mwaka wa 1775 aliisifu. Harrison alikuwa hai bado. Alifariki Machi 24, 1776, siku aliyotimiza miaka 83.

Mashine zake nne, H1 hadi H4, ziko Greenwich. H1, H2 na H3 zinaendeshwa hadi leo. H4, ile ndogo iliyoshinda, hutunzwa ikiwa imesimamishwa, kwa sababu yenyewe inahitaji mafuta, na mafuta yakichakaa huila saa.