Gantt, mutu aliyechora saa za mashini

Wandugu wa mugodi, na ninyi wamama mungini,

Ile karatasi yenye mistari ya rangi ku ukuta wa biro, ao siku hizi ku ekra, wote tunaijua. Mwisho wa mwezi kapita anaonyesha mustari wetu mufupi, matabishi inakatwa. Basi tuseme habari ya mwenye kuieneza, juu wakubwa wengi wanatumia kazi yake nusu tu.

Henry Gantt alizaliwa mwaka 1861 kule Maryland, Marekani. Jamaa lake lilikuwa na shamba na watumwa. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokwisha, utajiri nao ulikwisha. Alifundisha shule kwanza, kiisha mu 1884 akapata diploma ya ingeniere wa mashini. Mu 1887 akaingia Midvale, kiwanda cha chuma, kutumika na Taylor, yule aliyepima kila mwendo wa mutumikaji kwa saa. Tusifiche: Gantt alikuwa ku upande wa patro.

Lakini hakumufuata Taylor mu yote. Mu 1901, ku kiwanda cha Bethlehem, aliweka mushahara mupya: asiyefikia kipimo alipokea siku yake nzima, aliyefikia aliongezewa matabishi. Kapita naye alipata kitu kwa kila mutu wake aliyefikia, na zaidi kama wote wamefikia. Makapita wakaona faida ya kufundisha, si kufokea watu tu. Kila siku iliandikwa mbele ya kila jina: mustari mweusi kwa aliyepata, mwekundu kwa aliyekosa.

Kiisha akageuza macho ku mashini, na hapa njo sisi tunamupenda. Kila mashini ilipewa mustari wake, saa na siku zikienda toka kushoto mpaka kuume. Fasi mashini ilitumika, mustari unaonekana. Fasi ilisimama, peupe, na sababu inaandikwa: watu hawatoshi, mali haijafika, vyombo hakuna, umeme hakuna, inatengenezwa, oda hakuna. Tuhesabu wenyewe: mu sababu hizo, ngapi ziko mu mikono ya mutu anayeshika mashini? Mu 1915 Gantt aliambia maingeniere wenzake kwamba gharama ya mashini iliyolala isitiwe mu bei ya kitu kilichotengenezwa na zile zinazotumika. Hiyo ni hasara ya mwenye kuongoza, na ionekane peke yake.

Wakati wa vita ya kwanza ya dunia michoro yake ilitumiwa ku kazi ya silaha na ya meli. Alikufa Novemba 1919, na miaka 58. Programu za leo zinachora mugodi mzima mu ordinatere, shimo, kamyo, pampu, kiwanda, kila kitu na kile kinachokingojea, na mustari wa Gantt ungali ndani.

Kwetu, mashini ya kutoboa ililala siku tisa juu ya kipande kimoja kilichokosekana. Ku ekra ulionekana paka mustari mufupi na jina la ekipe, sababu hapana. Wadelege wetu wameandika barua: sababu itiwe ku kila mustari, na sisi tuisome mbele ya matabishi kuhesabiwa. Barua iko ku biro, leo wiki ya tatu.