Apolo Kivebulaya, mutumishi aliyerudi Mboga

Leo tunakumbuka mutumishi wa Mungu aliyefanya kazi jirani na sisi, kule Mboga, katika Ituri, juu ya bonde la Semliki.

Alizaliwa Buganda karibu mwaka wa 1864. Alikuwa askari, kisha akampokea Yesu, akabatizwa mwaka wa 1895 na kuitwa Apolo.

Mwishoni mwa mwaka wa 1896 alitumwa Mboga. Walimu waliomutangulia walikuwa wamenyimwa chakula, wakaondoka. Apolo alijua habari hiyo, lakini hakungoja kuhurumiwa. Alishika jembe pamoja na Kitabu, akaenda. Mutu mwenye jembe hawezi kufukuzwa na njaa ya kunyimwa.

Mwami Tabaro hakupenda mafundisho yake, na Apolo akapigwa. Halafu jambo baya zaidi likatokea. Ndugu wa kike wa mwami alianguka juu ya mukuki uliokuwa katika majani, akakufa. Apolo akashitakiwa kwamba ndiye muuaji. Akafungwa minyororo, akapelekwa Fort Portal, Uganda, akatiwa gerezani bila kosa. Katika masumbuko hayo Bwana Yesu alimutokea, akamutia moyo.

Alipofunguliwa, alikuwa na haki ya kurudi kwao Buganda na kuhesabu mapigo yake mpaka uzee. Nani angemulaumu? Lakini yeye alirudi Mboga, kwa watu wale wale. Tabaro alishangaa sana. Baadaye mwami huyo mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Apolo alitiwa mikono kuwa pasta mwaka wa 1903. Mwaka wa 1915 alirudi Mboga kukaa, na kutoka pale aliingia katika pori la Ituri, akahubiri Wambuti ambao wengi waliwazarau.

Wapenzi, sisi wa Beni na Butembo tunajua kufiwa na kukimbia, kuacha mashamba na kulala kwa watu. Hatusemi kwamba mateso hayo si kitu. Ubaya ni ubaya, na aliyeutenda atajibu mbele ya Mungu. Kulia si zambi. Lakini mutesaji asikupe jina. Apolo hakujiita mufungwa wala mutu aliyeonewa. Alijiita mutumishi, na mutumishi daima ana kazi ya kufanya kesho asubuhi. Wewe uliyepoteza vingi, angalia kilichobaki mukononi mwako: jembe, sindano, sauti ya kuomba. Anza na hicho. Na wewe ambaye hukupoteza, usimuhubiri mwenye njaa bila kumupatia jembe.

Apolo alilala katika Bwana tarehe 30 Mei 1933, akazikwa Mboga. Desturi ilikuwa kulaza maiti kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao. Yeye aliomba kichwa chake kielekee mangaribi, upande wa pori, kwa maana kazi ilikuwa bado mbele.

Na sisi tuelekeze vichwa vyetu mbele. Mungu awabariki. Amina.