Sewa Haji: jina tunalolitaja bila kumjua mwenyewe

Mkazi wa Dar es Salaam akiambiwa mgonjwa wake amelazwa Sewahaji, moja kwa moja hushika njia ya Muhimbili. Mimi pia nimelitaja jina hilo miaka mingi. Siku moja, nikirudi Posta baada ya kumjulia hali jirani yangu, nikawauliza abiria wenzangu kwenye daladala: huyo Sewa Haji alikuwa nani? Mmoja akadhani ni daktari wa Kijerumani. Waliobaki walinyamaza.

Sewa Haji Paroo alikuwa Muislamu wa jamii ya Makhoja, aliyezaliwa mwaka 1851. Wazee wake walitoka Kutch, India, wakafungua duka Unguja na baadaye tawi Bagamoyo. Humo ndimo alimokulia kibiashara, akawa tajiri mkubwa wa pwani. Misafara ya bara ilipata kwake nguo, shanga na wapagazi, na pembe za ndovu zilirudi kwake. Tusifiche kitu hapa: utajiri ule ulipita juu ya mabega ya wapagazi.

Lakini hakuusahau mji uliomtajirisha. Mwaka 1892 aliwapa Wajerumani jengo la shule Bagamoyo kwa sharti kwamba watoto wasibaguliwe. Katika miaka hiyo ya 1890 akatoa pia fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam, ya kuwatibu Waafrika na Wahindi. Wazungu walikuwa na yao ya Ocean Road, iliyofunguliwa mwaka 1897. Bila mkono wake, sijui mchukuzi wa bandarini angelazwa wapi.

Linalonigusa zaidi ni wasia wake. Alifariki Unguja mwaka huo huo wa 1897, akiwa na umri wa miaka 46 tu. Majumba na viwanja vyake aliviacha ili mapato yake yasaidie wagonjwa maskini na wenye ukoma, chakula chao kikiwemo. Alijua kwamba mgonjwa anahitaji chakula pamoja na dawa, na kwamba mgonjwa asiye na ndugu anahitaji mtu wa kumsemea.

Hospitali yake ilihudumu hadi miaka ya 1950. Mwaka 1956 ilipofunguliwa Princess Margaret, ambayo leo ni Muhimbili, jina lake likabaki kwenye jengo la wodi.

Je, sisi tumeshika lipi katika hayo? Niliwahi kumuuguza mzazi katika hospitali moja ya jiji hili. Kitanda cha pili alilala mzee asiye na mtu. Saa ya kuona wagonjwa sisi tulifungua mabakuli, yeye akageukia ukutani. Siku mbili zilipita ndipo tukashtuka kumgawia, na tukagundua kuwa hata maelezo ya dawa zake hakuyaelewa na hakuna aliyemuulizia.

Waislamu wa Kariakoo na Upanga tunachangia misikiti, na ni jambo jema. Basi kila msikiti uwe pia na watu wawili watatu wa kumpeleka mgonjwa zahanati mapema kabla hajazidiwa, kumuulizia kwa daktari na kumfikishia uji. Hiyo nayo ni sadakatul jaaria, na wala haihitaji utajiri wa Sewa Haji.