Frederick Jackson, Mtu wa Ndege

Tukiambiwa tuandike maisha ya mtu mashuhuri, wengi wetu hukimbilia wanasiasa na wanariadha. Mimi nimemchagua Frederick John Jackson. Napenda sana kupiga picha ndege wa mashambani na mitoni, Bungoma hadi Kitale, na kila nikifungua kitabu cha kuwatambua nakutana na jina hilo: kwale wa Jackson, hondohondo wa Jackson, fumbwe wa Jackson. Je, huyu Jackson alikuwa nani hasa?

Alizaliwa mwaka 1860 huko Yorkshire, Uingereza, akasoma Cambridge. Mwaka 1884 alifika Lamu, si kwa kazi bali kwa kuwinda. Nchi ikamkolea.

Mwaka 1889 kampuni ya Kiingereza iliyotaka kufanya biashara na kutawala Afrika Mashariki ilimpa msafara mkubwa wa wapagazi kutoka pwani. Novemba wakafika kwa Nabongo Mumia, mfalme wa Wanga. Hapo Jackson akapata barua za Kabaka Mwanga wa Buganda akiomba msaada. Lakini Kampuni ilikuwa imemkataza kuingia Buganda. Basi akajibu barua, kisha akashika njia ya kaskazini, Mlima Elgon, kutafuta pembe za ndovu. Februari 1890 alikuwa juu mlimani.

Huku nyuma mambo yakaharibika. Mjerumani Carl Peters alifika kwa Mumia, akafungua barua zilizomngoja Jackson, akazisoma, akatoka mbio hadi kwa Mwanga na kutia naye sahihi mkataba. Jackson aliporudi mwezi wa Machi, ndege alikuwa ameshatoka tunduni! Hata hivyo mkataba ule haukudumu. Julai 1890 Uingereza na Ujerumani ziligawana nchi zetu mezani huko Ulaya, na Buganda ikawekwa upande wa Waingereza.

Kisiasa, safari ile ya Elgon ilimtia Jackson aibu. Lakini katika mizigo yake mlikuwa na ngozi za ndege. Zilipochunguzwa London, mwaka 1891 wataalamu waliwatangaza kwale, fumbwe na hondohondo niliowataja, wakawapa jina lake. Kwale huyo ni mkubwa, mdomo na miguu ni myekundu, naye huishi milimani, Elgon ikiwamo. Fumbwe dume ni mweusi mwenye mkia mrefu, na wakati wa kutafuta jike hurukaruka nyasini kama mchezaji ngoma. Wenyeji waliwajua ndege hawa zamani, tena kwa majina yao. Jackson alichozidi ni kuandika.

Siku zile hapakuwa na kamera ya kumnasa ndege akiwa mtini. Ndege alipigwa risasi, akachunwa, ngozi ikakaushwa na kujazwa pamba. Halafu alifungwa kibandiko mguuni: amepatikana wapi, tarehe gani, dume au jike. Bila kibandiko hicho, ile ilikuwa ngozi tu.

Jamani, sisemi Jackson alikuwa malaika. Mwaka 1894 aliingia utumishi wa serikali ya Uganda, ambayo wakati huo mipaka yake ilifika huku kwetu. Serikali hiyohiyo ndiyo iliyowapiga Wabukusu kule Lumboka na Chetambe mwaka 1895. Mwaka 1897, askari Wasudani walipoasi, yeye mwenyewe alipigwa risasi kule Lubwa, Busoga, akanusurika chupuchupu. Cheo kikapanda hadi akawa Gavana wa Uganda mwaka 1911. Kazi zote hizo, na bado ndege hakuwaacha! Mwaka 1909 aliongoza chama cha wapenda viumbe kilichoanzisha makumbusho ya Nairobi mwaka uliofuata. Chama hicho bado kipo, kinaitwa Nature Kenya.

Baada ya kustaafu, aliandika kitabu kikubwa juu ya ndege wa Kenya na Uganda. Mauti yakamkuta Ufaransa mwaka 1929, kitabu hakijaisha. Mtaalamu mwenzake, W. L. Sclater, akaukamilisha mswada, na mwaka 1938 kitabu kikatoka katika juzuu tatu. Hapa ndipo ninapomvulia kofia. Mtu amekufa, na mwenzake anaweza kuendelea na kazi pale ilipokomea, kwa sababu kila kitu kimeandikwa.

Sisi wa leo tuna bahati: tunaweza kumtambua ndege bila kumuua. Lakini picha mia moja zisizo na mahali wala tarehe zina faida gani? Ukimwona ndege usiyemjua pale Kimilili au Endebess, mtazame mdomo, miguu na mkia, sikiliza sauti yake, kisha andika umemwona wapi na lini. Halafu nenda kwa babu au kukuu umwulize anaitwaje kwa Kibukusu au Kisabaoti, uandike jina hilo pia. Jackson hakutuandikia yote, na wazee hawatatungoja milele. Wahenga walishasema, mali bila daftari hupotea bila habari.