Enrico Fermi na Siri ya Kiini cha Dhahabu
Dhahabu ichimbwayo Geita, kiini chake kikimeza nyutroni, hutoa miale ya gama; kwa kupima nishati ya miale hiyo, wataalamu hubaini ngazi za nishati ndani ya kiini. Njia hiyo inamdai mengi Enrico Fermi, mzaliwa wa Roma, 1901. Mwaka 1934, yeye na wenzake waligundua kuwa nyutroni zilizopunguzwa kasi kwa nta ya parafini humezwa kwa urahisi zaidi.

Mkewe, Laura, alikuwa Myahudi. Sheria za ubaguzi za mwaka 1938 zilipotangazwa, Fermi alipokea Tuzo ya Nobeli Stockholm, asirudi nyumbani. Italia ikampoteza, Marekani ikampata. Alifariki Chicago kwa saratani, tarehe 28 Novemba 1954, akiwa na miaka 53.