Banting, dola moja, na sindano aliyoikataa mjomba

Mjomba wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa fundi seremala hapa Mji wa Kale, Mombasa. Milango aliyoichonga bado ipo, na nikipita mbele ya mmojawapo nikielekea msikitini humkumbuka. Aliishi na kisukari zaidi ya miaka kumi akitumia vidonge. Siku daktari alipomwambia kwamba vidonge havitoshi tena na ni lazima aanze kujidunga insulini, alirudi nyumbani, akavua kofia, akatuambia hataki kulisikia tena jambo hilo.

Alikuwa na sababu mbili. Ya kwanza, aliamini insulini ni dawa ya kumsindikiza mtu kaburini, kwa sababu jirani zake wawili walianza sindano na hawakumaliza mwaka. Ya pili, alisikia barazani kwamba dawa ile hutolewa kwa nguruwe. Akakaa hivyo karibu miaka miwili. Kidonda kidogo cha kidole kikapanda, mguu ukakatwa, na baada ya mguu hakudumu.

Mimi si daktari. Nina diploma ya uhasibu na kazi yangu ni kuweka hesabu za watu. Lakini baada ya hitima nilianza kusoma juu ya dawa ile, maana nilitaka kujua mjomba alikataa kitu gani hasa. Nikakuta kwamba sababu zake zote mbili zina majibu ndani ya habari za daktari mmoja wa Kanada aliyefariki 1941, jina lake Frederick Banting.

Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba 1891 katika shamba karibu na mji wa Alliston, Ontario. Alikuwa kitindamimba wa watoto watano. Hakuwa mwanafunzi wa kusifiwa. Alipoingia Chuo Kikuu cha Toronto alianza na masomo mengine, akaanguka mwaka wa kwanza, ndipo akahamia udaktari. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto alipelekwa Ulaya kama daktari wa jeshi. Mwaka 1918, huko Ufaransa karibu na Cambrai, alijeruhiwa mkono, lakini aliendelea kuwahudumia majeruhi wengine. Kwa hilo alipewa nishani ya ushujaa.

Aliporudi nyumbani, nishani haikumlisha. Julai 1920 alifungua zahanati katika mji uitwao London, huko huko Ontario, si ule wa Uingereza. Alikaa siku nyingi akiutazama mlango na wagonjwa hawaji. Mwezi wa kwanza alipata dola nne. Ili asikose chakula, akachukua kibarua cha kufundisha kidogo chuoni.

Kibarua hicho ndicho kilichomfungulia njia. Usiku wa tarehe 30 Oktoba 1920 alikuwa akitayarisha somo kuhusu namna mwili unavyotumia sukari. Akasoma makala ya daktari mmoja juu ya kongosho. Usiku wa manane akaamka na kuandika mistari michache katika daftari lake, na hata neno la kisukari alilikosea herufi.

Hapa msomaji wangu nikupe maelezo kidogo. Kongosho ni tezi iliyolala nyuma ya tumbo, nayo ina kazi mbili. Ya kwanza ni kutoa maji ya kusaga chakula. Ya pili hufanywa na mafungu madogo madogo ya seli yaliyotawanyika ndani yake. Mjerumani Paul Langerhans aliyaona mafungu hayo kwa darubini mwaka 1869 alipokuwa bado mwanafunzi, na wataalamu wakayaita visiwa vya Langerhans. Ndipo likatokana jina insulini, kutoka neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Sisi wana wa Mvita, Lamu, Pate na Faza, dawa tunayoiogopa kumbe ina jina la kwetu.

Mwaka 1889 wataalamu wawili wa Kijerumani walimtoa mbwa kongosho, na mbwa yule akapata kisukari. Tangu hapo ilijulikana kwamba kongosho hutoa kitu kinachoiongoza sukari, yaani homoni. Wengi walijaribu kukitoa wasifaulu. Walioweza kuona dalili zake, kama Nicolae Paulescu wa Romania, hawakufika kumtibu mgonjwa. Banting alidhani maji ya kusagia chakula ndiyo yanayoiharibu homoni ile. Basi akaona afunge mrija wa kongosho la mbwa kwa uzi, angoje upande wa maji unyauke, kisha atoe kilichobaki visiwani.

Alikwenda Toronto kwa Profesa John Macleod, bingwa wa elimu ya sukari mwilini. Macleod hakuvutiwa sana na daktari huyu asiye na uzoefu wa utafiti. Hata hivyo alimpa chumba, mbwa kadhaa, na mwanafunzi wa kumsaidia, Charles Best. Walianza Mei 1921, na Banting hakuwa na mshahara wowote. Maabara ilikuwa na joto, mbwa wengi walikufa mikononi mwao, lakini mwisho wa kiangazi waliona kwamba dawa yao inashusha sukari ya mbwa mgonjwa.

Baadaye walitambua kwamba ile hila ya kufunga mrija haikuwa na lazima. Walianza kutumia kongosho la ndama wasiozaliwa, kisha la ng'ombe wakubwa kutoka machinjioni. Wazo lililomwamsha Banting usiku lilikuwa na kasoro, lakini ndilo lililomtia njiani.

Desemba 1921 akajiunga nao mwanakemia James Collip ili aisafishe dawa. Tarehe 11 Januari 1922, katika hospitali ya Toronto, alidungwa mtoto wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson. Zamani hizo mtoto mwenye kisukari cha aina ile hakuwa na tiba ila kunyimwa chakula, apate siku chache zaidi. Leonard alikuwa amebaki kilo 29 hivi. Sindano ya kwanza haikufaa. Dawa ilikuwa chafu, ikamtia jipu. Collip akajifungia maabara, na tarehe 23 Januari mtoto akadungwa dawa iliyosafishwa. Sukari ikashuka, nguvu zikamrudia. Aliishi miaka 13 zaidi.

Hapo ndipo nilipoanza kumjibu mjomba wangu moyoni. Dawa aliyoiita ya kaburini ilianza kwa kumtoa mtoto mlangoni mwa kaburi. Jirani zake hawakuuawa na sindano. Huenda waliianza wakati figo na mishipa imekwisha kuharibika, kwa sababu nao waliikwepa kama yeye. Sisi huikimbia dawa mpaka dakika ya mwisho, kisha tukaitupia lawama kwa kufika imechelewa.

Sababu ya pili nayo si ya kupuuzwa. Waliomwambia habari ya nguruwe hawakumzulia. Kwa miaka mingi insulini ilitolewa katika kongosho la ng'ombe na nguruwe wa machinjioni. Na ilikuwa na sababu yake. Kule Cambridge, Uingereza, Frederick Sanger aliifumbua insulini punje kwa punje, akaonyesha mpangilio wake wote, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1958. Ilionekana kwamba insulini ya nguruwe hutofautiana na ya binadamu kwa punje moja tu, na ya ng'ombe kwa tatu.

Lakini elimu haikusimama hapo. Mwaka 1978 wataalamu Marekani waliwatia bakteria maelekezo ya jeni ya binadamu, na bakteria wakatengeneza insulini ile ile anayoitoa mwanadamu. Mwaka 1982 ikaidhinishwa kutumiwa na wagonjwa. Leo insulini nyingi hutengenezwa kwa njia hiyo, kwa bakteria au hamira. Mjomba alikataa sindano kwa habari iliyopitwa na wakati, na hakuna aliyekaa naye kumweleza. Daktari alikuwa na foleni. Sisi jamaa zake tulinyamaza kwa kumwonea haya mkubwa wetu. Fungu hilo la lawama ni letu.

Nirudi kwa Banting. Sitaki nimpambe kuliko alivyokuwa. Alikuwa mwepesi wa hasira na mwenye kushuku watu. Alimwona Macleod kama mtu anayetaka kumnyang'anya kazi yake. Inasemekana Januari ile ile ya ushindi alimvamia Collip ndani ya maabara baada ya Collip kukataa kumwambia siri ya kusafisha dawa. Tuzo ya Nobel ya 1923 ilipotolewa kwake na kwa Macleod, alighadhibika kwamba Best ameachwa, akamgawia Best nusu ya fedha zake. Macleod naye akamgawia Collip. Banting alikuwa na miaka 32 tu, na mpaka leo hajatokea mdogo kuliko yeye kupata tuzo hiyo ya udaktari.

Jambo lililonikaa zaidi mimi, mtu wa hesabu, ni la fedha. Haki ya ugunduzi wa insulini ingeweza kuwatajirisha watu hao na wajukuu wao. Mwanzoni Banting hakutaka hata jina lake liwemo, akiona haimpasi daktari kujifungia dawa ya wagonjwa. Mwaka 1923 yeye, Best na Collip waliikabidhi haki hiyo Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja akapokea dola moja. Nia ilikuwa asitokee mfanyabiashara wa kuihodhi, na itengenezwe kwa ubora unaokaguliwa.

Baada ya hapo hakugundua tena kitu kikubwa kama kile. Alitafiti saratani, akatafiti ugonjwa wa mapafu unaowapata wafanyakazi wa mavumbi ya mawe, na wakati wa kupumzika akachora picha. Mwaka 1934 mfalme wa Uingereza akampa cheo cha Sir. Vita vya Pili vilipoanza alirudi kulitumikia jeshi kwa utafiti. Februari 1941 ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza ilianguka Newfoundland, akafa kwa majeraha akiwa na miaka 49. Siku aliyozaliwa, 14 Novemba, ndiyo ulimwengu unayoiadhimisha kuwa Siku ya Kisukari.

Sasa niseme la kwetu. Pwani tunakula mahamri asubuhi, kaimati zilizolowa shira jioni, na haluwa kwa kahawa kila penye harusi. Sukari haituishi midomoni, lakini kuipima tunaona uzito. Na anayejua hali yake naye ana mitihani. Nimemshuhudia shangazi wa rafiki yangu akipanda matatu mara tatu katika wiki moja kufuata insulini na kuambiwa imekwisha, aende akanunue mwenyewe. Nimeona nyumba isiyo na friji ambapo kichupa huwekwa kando ya mtungi wa maji kipate ubaridi. Dawa iliyotolewa kwa dola moja isiwe inamshinda mama wa Kisauni au wa Faza mwaka huu. Wawakilishi wetu wanaopitisha bajeti za afya wanapaswa kuulizwa hilo hadharani, na kwa tarakimu.

Nasi majumbani tuna wajibu wetu. Kama una mzee anayekwepa sindano, usimnyamazie kwa heshima kama tulivyofanya sisi. Keti naye, msikilize anaogopa nini, nenda naye kwa daktari na umuulize daktari maswali yake mbele yake. Ikiwa jambo ni dini, mpeleke kwa shekhe anayemwamini, na daktari awepo. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, aulize mapema kama funga inamfaa na dozi yake ipangwe vipi.

Mlango wa mwisho aliouchonga mjomba ulibaki bila nakshi za juu, kwa sababu hakuweza tena kusimama. Mwanawe aliumalizia mwaka jana. Naye sasa anapima sukari kila mwezi.